Magoti ya Saa Nne Asubuhi

Niliwahi kupona ugonjwa ambao sikuwahi kuugua, na ushahidi wake ulionyeshwa kwenye televisheni saa nne asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa karibu miaka miwili. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa magoti. Kama uliwahi kukaa kwa kinyozi asubuhi huku Meru au Embu, au kungoja zamu yako kwa daktari wa meno, au kubaki nyumbani na homa, huenda uliniona: mwanamume mwenye shati la samawati na kipara kinachoanza, anachuchumaa na kuinuka mbele ya kamera huku machozi yakimlengalenga. Machozi yalikuwa yangu. Mengine yote yalikuwa ya kampuni.

Yamenirudia kwa sababu likizo iliyopita niliwasha televisheni saa hiyohiyo, nikapata mhubiri. Nikabadilisha, nikapata watu wanabashiri mechi. Nikabadilisha tena, nikapata marudio ya mjadala wa siasa wa usiku uliotangulia. Hakuna mtu hata mmoja aliyetaka kuniuzia kitu. Nilikaa na rimoti mkononi, nikajihisi kama mgeni aliyefika arusini siku ya pili.

Wanafunzi wangu wa sasa hawayajui yale matangazo ya nusu saa. Nikiwasimulia wananitazama kwa huruma. Zamani, ikishafika saa nne, habari zikiisha na tamthilia za mchana bado hazijaanza, palikuwa na watu wa nchi za mbali ambao hawakuweza kufanya lolote. Walishindwa kukata kitunguu. Walishindwa kukunja mpira wa kumwagilia maji. Mwanamke mzima alifungua kabati, vyombo vyote vikamwangukia. Kisha kikaja kifaa, maisha yao yakanyooka. Sauti ya Kiswahili ilipachikwa juu ya midomo yao, na ilipofika mahali pa kukata pumzi ikasema, na si hayo tu. Kulikuwa na sufuria isiyoshika chakula, gundi ya kuziba paa, na mkanda wa kupunguza tumbo ambao mvaaji wake alikaa tu kwenye sofa akitetemeka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na mji wa Meru. Kimeru ndicho nilichonyonya, Kiswahili nilifundishwa kwa kiboko, na labda ndiyo sababu nakilinda kwa ukali kuliko wenyewe wa Pwani. Wakati wa likizo nilikuwa nakaa mbele ya yale matangazo na chai yangu, nikiyasahihisha kwa sauti. Mke wangu alipita sebuleni na ndoo ya maziwa akasema mimi ndiye mtu pekee nchini anayeupa mkanda wa tumbo alama nne kwa ishirini.

Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mzima mwenye heshima zake. Lakini chini ya kioo palikuwa na nambari ya simu, na siku moja nikaipiga. Binti aliyepokea akaniuliza nataka mikanda mingapi. Nikamwambia sitaki mkanda, nataka kuzungumza na anayehusika na Kiswahili. Akaniuliza nitalipa kikifika au kabla. Nilipiga mara tatu. Mara ya tatu alichoka nami, akanipitisha kwa mkubwa wake, naye mkubwa, badala ya kunitukana kama nilivyostahili, akaniambia wanatengeneza tangazo lao wenyewe, la watu wa hapa, na wangeshukuru mwalimu kama mimi akiwanyooshea maneno. Akanitaka nifike Embu Jumamosi.

Nilipiga pasi lile shati la samawati mwenyewe.

Ofisi yao ya Embu ilikuwa ghorofa ya nne, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na jengo halikuwa na lifti. Nilipanda ngazi bila kufikiri, jambo ambalo leo nalikumbuka kwa wivu. Juu kulikuwa na taa kali, pazia jeupe, na sofa ya kuazima iliyokuwa bado ina karatasi yake ya nailoni. Bidhaa yenyewe ilikuwa mkanda wa goti: unauzungusha mguuni, unauchomeka kwenye umeme, unapata joto na kutetemeka. Nilikaa saa nzima nikikwaruza maandishi yao kwa kalamu nyekundu, na sijawahi kufurahi hivyo.

Shahidi wao alikuwa mzee mmoja mkulima kutoka Gachoka, ambaye kweli alikuwa na magoti mabovu na kweli alikuwa ameuvaa mkanda mwezi mzima. Tulimngoja. Baadaye mtayarishaji, kijana wa kofia iliyogeuzwa nyuma, alipokea simu, akaenda dirishani na kuchungulia chini. Mzee alikuwa amepanda hadi ghorofa ya kwanza, goti likakataa, na sasa alikuwa anarudi zake stendi akichechemea.

"Mwalimu," kijana akaniambia, "huyo mzee ameshindwa na ngazi. Na hii kamera tumekodisha ya leo tu. Wewe unaongea poa. Si utusaidie?"

Mtu mwenye akili angeona kwamba ujumbe wote wa siku ile ulikuwa kwenye zile ngazi. Mimi niliona kamera. Kwa haki yangu niseme kwamba nilikataa, na nilikataa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwingine anaweza asilielewe. Sisi tumelelewa na ushuhuda. Jumapili kanisani, kabla ya mahubiri, watu husimama mmoja mmoja kueleza Bwana alivyowatendea, na tangu utotoni tunajua unavyotakiwa kwenda. Kwanza unaeleza shimo. Shimo likiwa fupi, kina mama wanaanza kutafuta peremende mikobani. Ukisema uliumwa na kichwa siku mbili ukapona, hakuna atakayekuimbia. Kwa hiyo shimo huchimbwa. Kisha unafika mahali ulipokata tamaa, kisha siku ya kuinuliwa, kisha wimbo. Mimi nilikuwa mkalimani wa mahubiri miaka mingi na nimesikia mamia. Waliponiambia nieleze kwa maneno yangu mwenyewe jinsi mkanda ulivyonisaidia, ulimi wangu haukujua njia nyingine.

Nilisema niliumwa miaka mitatu. Nilisema nilitambaa kwenda chooni. Nilisema mke wangu alinifunga kamba za viatu kila asubuhi, na kwamba nilifundisha nikiwa nimeegemea ubao. Hapo mtayarishaji akanipungia mkono niendelee, na kwa kuwa shimo lilikuwa bado halijanitosha, nikateremsha sauti na kusema: "Niliwaficha watu wote. Nilimficha hata mama yangu mzazi."

Hapo ndipo machozi yalipokuja. Binti wa taa naye akajifuta macho. Kisha wakanifunga mkanda, nikachuchumaa, nikainuka, nikachuchumaa tena, nikamshukuru Mungu na kampuni kwa mpangilio huo. Walinipa chakula cha mchana na mkanda mmoja kwenye boksi lake. Njiani kurudi Meru nilijipongeza kwamba sikukosea sentensi hata moja.

Tangazo lilianza kuonyeshwa baada ya wiki chache. Mke wangu aliliona kabla yangu. Nilimkuta amesimama na mwiko mkononi.

"Miaka mitatu nilikufunga viatu?"

"Ni lugha ya matangazo," nikasema.

"Basi pole kwangu," akasema, akarudi jikoni.

Shuleni, nilipoingia darasani, wanafunzi walisimama kunisalimu polepole sana, kila mmoja ameshika goti na kuguna. Naibu wa mwalimu mkuu akaniondoa kwenye mbio za milimani bila kuniuliza. Kanisani mchungaji alinisogelea akanong'ona kwamba angependa nitoe ushuhuda ule mbele ya washirika, na Jumapili tatu mfululizo nikapatwa na kikohozi. Katika soko la Gakoromone, mama mmoja anayeniuzia viazi tangu nihamie mjini, ambaye magoti yake yamefura kwa kweli kwa sababu ya miaka ya kuketi chini sokoni, aliniona nikipita akaniita.

"Mwalimu, nimekuona kwa tivi. Hiyo kitu inafanya kweli?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini kulikuwa na wateja wengine watatu, na wote walinitambua. "Inategemea mtu," nikasema, jibu ambalo hata leo likinijia nikiwa peke yangu naona haya.

Aliununua. Baada ya mwezi akaniambia, bila ugomvi wowote, "Goti ni ileile," akanipimia viazi vyangu. Siku zote alikuwa na kawaida ya kuniongezea viazi viwili vitatu juu ya kipimo. Siku ile hakuniongezea, wala wiki iliyofuata.

Haya yote ningeyabeba. Ya mama ndiyo yalinishinda.

Mama anaishi Mitunguu, kule chini kwenye joto, na shamba lake la ndizi linalopata maji ya mfereji kwa zamu. Ana miaka sabini na ushee na anapinda mgongo kulima kuliko mimi ninavyopinda kuokota chaki. Siku ya kwanza ya tangazo alinipigia simu. Kwenye simu mama huwa hana maneno mengi, na yote ni ya Kimeru.

"Nimekuona," akasema.

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Nilikuwa nayo kichwani, yamepangika, pamoja na kichekesho cha mzee wa Gachoka na ngazi. Lakini nikamsikia anavyopumua.

"Umepona kabisa?" akauliza.

"Nimepona kabisa, mama," nikasema.

Ya Embu naweza kuyaita maigizo. Hili nililisema kwa mdomo wangu, kwa mama yangu, na hapakuwa na mtu wa kunipungia mkono.

Tangu siku hiyo akaanza kuniuguza. Nikienda kumwona hakuniruhusu kubeba mkungu. Alinitengea kiti cha mto, kile alichokuwa akikaa marehemu baba. Kila simu ilianza na magoti, yameamkaje leo, baridi ya huko juu haiyasumbui. Alinitumia asali kwa watu waliokuja mjini, na chupa za mafuta ya kuchua yaliyonuka hadi mke wangu akayahamishia zizini. Na kila siku ya kazi, ikikaribia saa nne, aliacha jembe, akanawa miguu, akaingia ndani kuniangalia nikichuchumaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba zamu yake ya maji ilikuwa asubuhi, na kwamba alibadilishana na jirani akachukua ya saa nane, jua likiwa utosini, ili asinikose.

Mimi nilikuwa na mpango wangu, na ni mpango wa mwoga yeyote: kungoja. Niliamini tangazo likifa na uwongo utakufa nalo, polepole, bila mtu kuumia.

Na kweli likaanza kufa. Nilifuatilia kifo chake kwa makini kuliko nilivyofuatilia matokeo ya mitihani. Nusu saa ikawa robo saa. Katika kupunguza, wakakata machozi yangu na ile sauti niliyoteremsha, wakabakisha kuchuchumaa tu. Nilitakiwa kufurahi. Badala yake, na hili linanionyesha nilivyo, nilipiga ile nambari kulalamika kwamba wameondoa sehemu iliyo bora. Hakuna aliyepokea. Kisha likawa la Jumamosi pekee. Kisha nikawa mstari wa maandishi unaopita chini ya kioo, huku mtangazaji akisoma habari za mafuriko. Kisha hata mstari ukakoma. Vituo vilikuwa vimebadilika, watu wamehamia kwenye simu. Siku hizi msichana anaweka simu yake juu ya mkebe, anainua viatu na mikoba mbele yake, watu wanauliza bei, kwisha. Hana haja ya shahidi, wala ya mwalimu wa Kiswahili.

Nilipumua. Niliumia kidogo pia, nikubali, maana hakuna aliyenishangaa tena kwa kinyozi. Lakini zaidi nilipumua. Agosti shule zilipofunga, mama akanipigia akasema tu, "Njoo." Nikashuka Mitunguu siku ya Ijumaa nikiwa mwepesi, nikijiambia mambo yamepita.

Nilimkuta sebuleni, ilhali nilitarajia kumkuta shambani. Televisheni ilikuwa inawaka bila sauti. Mezani palikuwa na uji na nduma. Na kando ya kile kiti cha mto, imeegemezwa ukutani, palikuwa na fimbo ya baba, ile aliyotembelea miaka yake ya mwisho. Ilikuwa imesuguliwa na kupakwa mafuta.

"Kaa," mama akasema. "Usisimame sana."

Nikakaa. Nikamuuliza kama yuko salama.

"Wamekutoa," akasema, akionyesha televisheni kwa kidevu. "Nimengoja wiki nyingi, nikasema labda ni mitambo. Kisha nikaelewa. Hawawezi kumwonyesha mtu amepona na hali hajapona. Yamerudi, sivyo? Yamerudi, na bado unanificha."

Katika hesabu zangu zote za kungoja, hilo sikuwa nimelipiga. Kwake yeye tangazo lilikuwa ushuhuda, na ushuhuda haukomeshwi ila mtu akianguka. Nilikuwa nimengoja life ili nipone, kumbe kufa kwake ndiko kulikoniuguza upya.

"Mama," nikasema, "hayajarudi."

"Usinifiche."

"Hayajarudi kwa sababu hayakuwapo."

Nikamwambia yote. Kimeru changu, ambacho huwa kinatiririka, kilinikwama, na kila nilipofika mahali pa kupamba niliona aibu nikaacha. Nilimweleza kuhusu ile simu niliyopiga kusahihisha. Nilimweleza kuhusu mzee wa Gachoka na ngazi, na hakucheka. Nilipofika kwenye maneno yale ya kumficha mama mzazi, nilimwambia nimeyasema kwa kuwa yalikuwa yanapendeza.

Akainuka, akazima televisheni, akabaki amesimama mbele yake, amenipa mgongo.

"Ndani ya miaka ile mitatu," akasema, "ndipo tulipomzika baba yako."

Sikuwa nimefikiri hivyo. Miaka mitatu niliitoa kichwani tu, kwa sababu miwili ilikuwa michache na minne ingezidi.

"Ulishika jeneza mbele, upande wa kushoto," akaendelea. "Kutoka hapa mpaka kule chini kwenye ndizi. Njia ilikuwa na matope. Nilikutazama. Nilisema moyoni, Mungu ameniachia mwanamume. Kisha nikakuona kwenye televisheni unasema ulikuwa unatambaa. Nikasema, kumbe alibeba baba yake na magoti yale, na mimi nilikuwa hapo, na sikuona. Nilikuwa nalia yangu. Mama gani huyo asiyeona? Kila siku nilikuwa nakuja hapa kukuangalia, nikitafuta dalili niliyopaswa kuiona siku ile."

Mimi nilidhani alikuwa anakuja kufurahi. Miaka miwili niliwaonea haya mchungaji, wanafunzi na muuza viazi, nikajihurumia sana, na muda wote huo mama alikuwa anajihukumu kila saa nne kwa kosa ambalo nililitunga kwenye sofa ya kuazima. Sijawahi kujichukia hivyo.

"Siku ile ya jeneza," akauliza, "hukuumwa?"

"Sikuumwa."

"Hata kidogo?"

"Bega tu. Usiku."

Akageuka. Uso wake ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyetua debe.

"Basi nilikuona vizuri," akasema.

Akaketi, akanywa uji wake wote. Nilifikiri tumemaliza. Alipoweka kikombe chini ndipo hasira ilipofika, na ilikuja na maswali. Nani mwingine aliniamini? Nikamtajia mama wa viazi. Akaniambia kesho naenda kwake. Kisha akasema kwa kuwa uwongo niliutoa mbele ya watu, nitauondoa mbele ya watu, kanisani kwake, Jumapili. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwalimu, nina umri wangu. Akasema hayo ningemwambia mtayarishaji.

Jumamosi nilipanda Gakoromone. Mama wa viazi alinisikiliza huku anachambua viazi vilivyooza. Nikamwambia nina mkanda wangu ambao sijawahi kuutoa kwenye boksi, nimletee.

"Mikanda mbili itaponya goti moja?" akauliza. Kisha akainuka kidogo, akanionyesha alichokuwa amekalia. Ulikuwa ule mkanda, umekunjwa mara mbili. "Ni laini," akasema. "Hiyo tu ndio kazi inaweza." Akanipimia viazi. Akatazama kipimo, akatazama uso wangu, akaongeza kimoja. Kilikuwa kidogo, lakini alikiongeza.

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa la Mitunguu. Mama alikuwa safu ya pili, kitambaa cheupe kichwani, fimbo ya baba imelala magotini. Nilidhani ameileta kwa ajili yake mwenyewe. Nilikuwa nimetoa ushuhuda wa watu wengine kwa lugha mbili maisha yangu yote, na wangu ulidumu kwa muda mfupi kuliko matangazo ya ibada. Nilisema sikuwa mgonjwa, nikadanganya kwamba nilikuwa, nikamuumiza mama. Shimo hilo lilikuwa fupi, na sikulichimba zaidi. Hakuna aliyetafuta peremende. Mzee wa kanisa akasema tupige magoti tuombe.

Nikapiga magoti. Sakafu ilikuwa ya saruji, na mzee yule anapoomba huwa anazunguka nchi nzima, kata kwa kata. Aliposema amina, watu wote wakainuka, mimi nikabaki. Goti lilikuwa limekataa. Si mara yake ya kwanza. Lilikuwa limeanza mambo hayo miezi kadhaa nyuma, kwanza kwenye ngazi za shule, kisha asubuhi nikitoka kitandani, na sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu ningemwambia nani? Nikashika benchi. Mtu akaanza kucheka, kisha mwingine, na kanisa lote likadhani mwalimu ameanza tena. Mama akainama kuelekea kwangu.

"Inuka," akasema. "Hapa hakuna kamera."

Wakacheka zaidi. Nami nikacheka, nikajiinua kwa mikono, nikatembea hadi kwenye kiti changu kwa uso wa mtu mzima kabisa. Uigizaji wangu bora ulikuwa ule, na hakuna aliyeurekodi.

Baada ya ibada tulirudi nyumbani kwa miguu, kando ya mfereji. Mama, ambaye huwa ananitangulia, alikuwa anatembea nyuma yangu. Tulipofika kwenye kivuko cha mbao akaniita nisimame.

"Ni la kulia, sivyo?"

Nikatazama maji. Nikamwambia ni la kulia.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na ukanificha," akasema, akanipa fimbo.